Maandishi Chini ya Kitambaa

Nyumba ya wageni, mji nisioujua
Jumatano, 3 Aprili

Wifi yangu Mama Pacha,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama mlangoni na barua mkononi, maana ndiyo kawaida yako, rudi ndani ukae, na watoto uwaambie wakacheze nje. Mama asikuone unavyosoma.

Umekaa? Haya. Kaka yu hai.

Najua unachosema sasa hivi: huyu Sindano jua limempiga kichwani. Halijanipiga. Kichwa kizima kabisa. Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana nikianzia katikati utaniona kichaa.

Tuliondoka vizuri, ulituona mwenyewe. Mwalimu kwenye usukani, Msusi pembeni yake na mdomo wake usiojua kufungwa, mimi nyuma nimebanwa na zawadi za harusi. Siku moja na nusu tungekuwa kwa Muuguzi wetu, bibi harusi, tumvalishe, tumchezee, turudi. Kufika mtoni, daraja hakuna! Maji yamelibeba. Askari pale akatuambia tuzunguke kwa barabara ya juu, eti masaa matatu tu. Masaa matatu! Tulizunguka kutwa nzima. Kila kilima Mwalimu anasema "tumekaribia," na Msusi anamwuliza, "Tumekaribia wapi, mwenzetu?" Jioni rejeta ikapasuka, gari likafuka kama jiko la kuni mbichi, tukalisukuma wanawake watatu na viatu vyetu vya harusini mpaka kwenye mji huu. Fundi gari kasema rejeta nyingine inatoka mbali, siku tisa au kumi. Harusi ndiyo hiyo, imetupita. Tulicheka sana. Mpaka jana tulikuwa bado tunacheka.

Sasa, sebuleni kwa mama mwenye nyumba hii ya wageni kuna kochi la watu watatu, limebonyea katikati, springi inamchoma kila anayekaa. Unanijua. Siwezi kukaa bure na kochi bovu linanitazama. Nikamwomba mama nyundo na kisu, asubuhi hii nikalipindua, nikang'oa misumari, nikafunua kitambaa cha chini.

Kwenye mbao ya nyuma kuna maandishi ya penseli. "14 Novemba. Jua kali. Mbao hii mbovu, fundi mwenzangu, usinilaumu mimi." Na mwaka wenyewe ni wa jana, Wifi. Mwaka jana!

Nani mwingine duniani anaandika hali ya hewa ndani ya kochi? Ni Kaka aliyetufundisha. Alikuwa akisema kochi likishafungwa fundi anasahaulika, basi mwachie neno yule atakayelifungua. Wateja hawajui, ni jambo la karakana yetu tu. Na chini ya maandishi kuna misumari mitatu imepigwa pembe tatu, alama yake. Nikasema labda mtu kaiga. Nikaangalia kamba za springi. Fundo limezungushwa kwa mkono wa kushoto. Fundo lile nimejaribu kuliiga miaka na miaka nikashindwa, kwa sababu mimi ni wa kulia.

Nilipiga yowe mpaka Msusi akatoka bafuni na povu kichwani.

Miaka sita tumemzika! Tuliletewa jeneza limeshapigiliwa, tukaambiwa tusilifungue kwa sababu ya moto, tukatii. Na wewe unajua ninachobeba. Safari ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa niende kuchukua vitambaa, nikasema kichwa kinauma, nikamwambia, "Nenda wewe, Kaka." Kichwa hakikuwa kinauma. Asubuhi ile nilikuwa mvivu tu. Basi likaungua, na tangu siku ile mimi nasema baba wa pacha wako nimewaulia mimi. Fundi Saa alipotaka kunioa nilimkataa kwa sababu hiyo hiyo. Nikakaa kwako, nikalea watoto, nikaendesha karakana.

Kumbe yupo, anakula, analala, anapiga misumari!

Kesho naanza kumtafuta. Simu ya posta ya hapa imekufa tangu mvua, kwa hiyo barua nampa kondakta wa basi la alfajiri, na wewe unijibu kwa mkono wake akirudi. Mama usimwambie kwanza, presha yake ile. Nikimpata Kaka, namleta nyumbani. Nalia na kucheka kwa pamoja, Msusi anasema natisha.

Wifi yako,
Sindano


Nyumbani
Ijumaa, 5 Aprili

Wifi Sindano,

Barua imefika salama. Nilikaa kama ulivyoniambia.

Poleni na rejeta. Wifi, umechoka. Safari ndefu, njaa, jua. Kaka yako alifundisha mafundi wangapi kabla yako? Mmoja wao akihamia huko ataandika kama alivyofundishwa, na watu wa mkono wa kushoto wamejaa tele. Marehemu tulimzika. Mwache apumzike na wewe upumzike.

Watoto hawajambo, mmoja kang'oka jino na mwenzake analia kwa nini lake halijang'oka. Mama anakula vizuri, amekuulizia. Mwenye viti sita vya ofisi alikuja, nimemwambia asubiri mpaka urudi.

Nakuomba usianze kuzunguka mji wa watu ukiuliza habari za maiti. Watakuona huna akili. Hata ile karakana ya nyuma ya kiwanda cha alizeti usiende, utajiaibisha bure. Gari likipona, pandeni mrudi.

Na Mama usimwandikie chochote.

Wifi yako,
Mama Pacha


Nyumba ya wageni
Jumapili, 7 Aprili

Mama Pacha,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilinuna, maana umeniita mwendawazimu kwa adabu. Mara ya pili Msusi alininyang'anya akaisoma kwa sauti. Mwalimu alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini akasema, "Rudia hapo kwenye kiwanda."

Mimi sikukuandikia habari ya kiwanda. Itafute barua yangu uisome. Nilikuandikia daraja, rejeta, kochi na mama mwenye nyumba. Jina la mji alikutajia kondakta, sawa. Karakana ya nyuma ya kiwanda nani alikutajia?

Basi nikaenda. Umenielekeza mwenyewe, ahsante.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, mgongo kwangu, misumari mdomoni kama kawaida yake. Amenenepa. Nywele zimeanza mvi kwa nyuma. Niliita "Kaka" mara mbili. Aligeuka. Misumari yote ikamtoka mdomoni ikamwagika sakafuni. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitamkumbatia au nitampiga kofi. Sikufanya hata moja. Nikajikuta nimekaa chini kwenye vipande vya sponji.

Alinikumbatia hapohapo chini. Alilia, Wifi. Kaka mzima analia mbele ya wateja.

Anasema basi liliposimama kituo cha mapumziko alikwenda msalani, kurudi limeshaondoka. Akakaa kwenye benchi analitukana. Baada ya saa moja watu wakaanza kuja mbio, basi limeungua huko mbele. Anasema alipigwa na bumbuwazi, akatembea tu, hajui anakwenda wapi. Siku ya tatu akasikia jina lake redioni katika orodha ya waliokufa. Na kila siku iliyopita, kurudi kukawa kugumu kuliko jana yake. Sasa anatumia jina jingine, ana mke hapa.

Nikamwambia, "Sisi tumekulilia miaka sita, wewe huna hata huruma?" Akaniangalia sana. Akasema, "Muulize wifi yako. Nilimwandikia mwezi wa nne baada ya msiba. Na alinijibu."

Ulimjibu!

Nimekaa na neno hilo tangu jana na bado halijaingia. Kila mwaka tarehe ile sili, sinywi, nabeba ndoo naenda kumwagilia maua kwenye kaburi la mtu ambaye kumbe hata simjui, na nikirudi wewe unanifungulia mlango, unanipa maji ya kunywa, unaniambia pole Wifi. Pole ya nini? Ulikuwa unanionaje? Ulikuwa unacheka? Mwenzio nimemkataa mwanaume mwema kwa ajili ya dhambi ambayo wewe ulijua haipo. Wewe ni mtu wa namna gani?

Kama ni kwa sababu ya mwanamke mwingine, hayo ni yenu wawili. Mimi namrudisha mtoto kwa mama yake. Amekubali. Nikimtaja Mama machozi yanamtoka. Wiki ijayo rejeta inafika na tunakuja naye. Kama una neno, sema sasa.

Sindano


Nyumbani
Jumanne, 9 Aprili

Sindano,

Ni kweli. Nilijua.

Nimeandika maneno hayo, nikaweka kalamu, nikaenda kufua nguo zote za watoto hadi zilizo safi. Nimerudi bado yapo.

Barua yake ilikuja ukiwa umepeleka viti kwa mteja. Aliandika kwamba yu hai na anauliza arudi vipi. Niliificha kifuani siku mbili. Halafu nikamjibu: "Baki ulivyokufa. Ukirudi nitamwambia kila mtu kwa nini nasikia kwa sikio moja." Nikapeleka posta mwenyewe, anwani ilikuwa karakana nyuma ya kiwanda cha alizeti.

Sikio langu la kushoto wote mnasema liliharibiwa na kwinini. Aliyeanza kusema hivyo ni mimi. Na mkono uliovunjika, nilisema nimeteleza bafuni, wewe ukanipikia uji mwezi mzima na ukamtukana fundi aliyeweka vigae. Masikini fundi wa watu. Hakuna bafu lililoniangusha. Ni kaka yako.

Kwa kawaida hakutumia ngumi. Alitumia mkanda wa kochi, ule wa katani tunaoupigilia chini ya springi. Alinieleza mwenyewe kwamba hauchani ngozi. Aliukata upana wa vidole vitatu.

Unakumbuka alivyokuwa akikuambia, "Sindano, maliza foronya hizo, usisimamishe cherehani mpaka zote ziishe"? Ulikuwa unazimaliza.

Ningekuambia nini? Ulimpenda kuliko macho yako. Baba yenu alipokufa ni yeye aliyekulea, akakupa nyundo mkononi watu wakiwa wanasema msichana na nyundo wapi na wapi. Hayo nayo ni kweli, siwezi kuyafuta. Huyo aliyekulea wewe ndiye huyohuyo aliyenipiga mimi.

Lakini hilo la kujilaumu kwako sina la kujitetea. Nilikuwa nakuona ukitoka na ndoo. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya tatu ni alipokuja Fundi Saa. Nikafikiri, nikimwambia atamfuata kaka yake amrudishe, au ataolewa aende zake, nami nibaki na watoto wadogo na karakana nisiyojua hata kushika nyundo yake. Nilikuwa naihitaji mikono yako. Nikanyamaza. Sikucheka hata siku moja, Wifi, lakini nilinyamaza, na miaka yako imekwenda. Ukirudi unitukane unavyotaka, nitakaa nisikilize.

Ila hili nakuambia bila kupepesa macho: ukimleta, hamtanikuta. Begi nimeshafunga. Pacha hawamkumbuki, na sitaki wamkumbuke. Miaka sita nimelala usingizi. Usinirudishie hofu ndani ya nyumba.

Mama Pacha


Nyumba ya wageni
Ijumaa, 12 Aprili

Wifi,

Barua yako niliichana vipande vinne. Nilisema huyu ni mwongo wa kupindukia, anamsingizia maiti aliyefufuka. Msusi akaviokota akaviunganisha kwa gundi yake ya nywele, akaniambia, "Hasira ni yako, lakini barua itunze."

Nikaapa nitamwuliza Kaka uso kwa uso. Na jana hiyohiyo alitualika chakula cha mchana, sisi watatu.

Nyumba ndogo, safi, viti vyake mwenyewe. Mke wake ni binti, ishirini na mbili hazidi. Alitukaribisha vizuri. Alitabasamu kila Kaka alipotabasamu, kabla ya hapo hapana. Na Kaka alikuwa Kaka yule yule! Alimwigiza Mwalimu anavyoshika usukani, pua imegusa kioo, mpaka Mwalimu mwenyewe akacheka hadi machozi. Nikawa nasema moyoni, huyu? Ndiye huyu aliyevunja mkono wa mtu?

Nikaomba msalani. Njia inapita chumbani kwao. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, umetundikwa mkanda wa katani. Kipande tu, urefu wa mkono wangu. Nikaweka vidole. Vitatu.

Wifi, wewe umepigwa na mkanda ule, lakini mimi ndiye ninayeujua. Nimeushika tangu nina miaka kumi na minne. Ukitoka dukani ni mgumu, unakwaruza mikono. Ukitoka kwenye kochi kuukuu una matundu ya misumari huku na huku. Ule hauna tundu hata moja, haujawahi kupigiliwa popote. Na ni laini, Wifi. Laini kama shuka la zamani. Mkanda haulainiki kwa kutundikwa ukutani.

Nilitapika. Chakula chote cha yule binti nilikimwaga chooni.

Nikamfuata jikoni. Sebuleni Msusi alikuwa anapiga kelele zake na Kaka, nadhani Msusi alishaniona uso wangu akaamua kumshika kwa mazungumzo. Nikamwambia binti taratibu, "Mdogo wangu, mkanda ule chumbani ni wa nini?"

Alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka. Akasema, "Huwa ananiambia niwashe redio kwanza."

Akachukua sahani nyingine.

Kwetu hakukuwa na redio karakanani. Kulikuwa na mimi. Nilikanyaga cherehani ile kwa bidii, naimba, nasema leo Kaka atanisifu. Na alinisifu! Alitoka chumbani jasho linamtoka, akachukua foronya moja akaigeuza, akasema, "Mshono umenyooka, Sindano." Mimi nikafurahi. Wifi, nilifurahi. Redio yako ilikuwa mimi.

Tangu jana nimekaa kitandani. Mwalimu ananiletea chai inapoa. Nimejilaumu miaka sita kwa kosa ambalo si langu, na hili lililopita mikononi mwangu wala sikulijua. Kwa hiyo kukutukana siwezi tena. Hasira bado ninayo, sikufichi, itakaa nami. Lakini kukutukana siwezi.

Kaka simleti. Fungua begi.

Rejeta imefika leo. Kesho saa nne asubuhi, Kaka akiwa karakanani, tutapita kwake na gari. Binti nimemwambia. Aliuliza tu, "Kwenu kuna nani?" Nikamwambia yupo wifi yangu.

Wifi yako,
Sindano


Njiani, kituo cha mafuta cha barabara ya juu
Jumamosi, 13 Aprili

Wifi,

Haraka haraka, basi linanguruma na kondakta ananiita.

Tumeondoka. Tuko wanne.

Tulimkuta kizingitini na mfuko mmoja wa plastiki. Msusi alishuka kumsaidia mizigo, akakuta mizigo yenyewe ndiyo hiyo. Binti kaingia nyuma, nimefunga mlango, mara baiskeli inakuja mbio. Kaka. Sijui jirani gani kampelekea maneno.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitabasamu, akashika dirisha la gari, akasema kwa upole, "Dada, unamchukua mke wangu unampeleka wapi?" Mwalimu akashuka, akamwambia kwa ile sauti ya darasani, "Baba, toka kwenye gari langu." Hakutoka.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikamwambia, "Kaka, wewe ulikufa. Kaburi lako namwagilia mimi. Marehemu hana mke, ana wajane, na wajane wako wote wawili wako kwangu. Ukitaka kutufuata, pitia polisi kwanza, uwaambie ndani ya jeneza lile tulimzika nani."

Tabasamu likamtoka. Wifi, sijawahi kuuona uso ule. Wewe umeuona.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kioo. Binti akaanza kuzungusha mkono wa kioo, polepole, hamtazami. Kioo kinapanda. Kaka akatoa vidole.

Tulipoanza kuondoka aliniita, "Sindano!" Kwa sauti ile ya zamani, ya kuniita nije nione fundo jipya. Nusura nimwambie Mwalimu asimame. Bado nampenda, hilo ndilo linaloniua. Nimelia kilomita arobaini, na binti ambaye hata hanijui amenishika mkono.

Barua yako nitaifuata njia panda Jumatatu mchana, kondakta anapajua. Niandikie hapo kama uko au haupo.

Mama nitamwambia mimi mwenyewe, wewe usijitwishe. Sijui nitaanzia wapi. Presha ikimpanda, safari hii kosa litakuwa langu kweli.

Sindano


Nyumbani
Jumapili, 14 Aprili

Wifi yangu Sindano,

Nipo. Begi nimefungua, nguo zimerudi kabatini.

Mama ameshajua. Barua yako ya njiani aliipokea yeye mlangoni. Nikamwambia ni habari za rejeta. Akasema, "Rejeta gani hiyo ya kumfanya mtu afunge begi siku tano? Nisomee." Nikasoma. Nikaziendea na zile nyingine chini ya godoro, nikasoma zote mpaka mwisho, huku mkono wa pili nimeshika vidonge vyake vya presha.

Hakuanguka. Hakulia. Aliniambia kwanza nikaepue sufuria jikoni, maji yamekauka. Halafu akasema, "Nilikuwa nasikia."

Sikumwelewa. Akasema chumba chake na chetu ni ukuta mmoja. Cherehani ilikuziba wewe masikio, yeye haikumziba. Alisikia miaka yote. Alisema moyoni kwamba akitamka neno nyumba itavunjika, na kwamba kila nyumba ina yake. Siku jeneza lilipoletwa alimlilia mwanawe, unakumbuka alivyolia, na katikati ya kilio kile alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Anasema kwa shukrani ile hajawahi kujisamehe, ndiyo iliyompa presha.

Miaka sita nimemficha Mama, kumbe na yeye ananificha, na wewe katikati yetu unabeba ndoo. Vidonge vilinimwagika. Tuliviokota wote wawili chini ya kitanda, tumepiga magoti.

Akaniomba msamaha pale chini. Mama mkwe wangu, kwa magoti yale mabovu. Nilimwambia anyanyuke, akakataa mpaka nijibu. Nimejibu kwamba nitajaribu. Na wewe nakuomba hivyohivyo, ujibu utakapoweza, wala usikimbilie kunifurahisha.

Ameniambia nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Aliyejua ni mimi, si Sindano. Asirudi na mzigo wangu. Na mwanangu nilishamzika, asimfukue."

Kuhusu binti, amesema atalala chumba chake yeye, kile cha jirani na changu. Sasa hivi ninavyoandika anasogeza kitanda mwenyewe, nikitaka kumsaidia ananifukuza. Ameuliza binti huyo anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Nimemwambia hatujui. Akasema basi zichemshwe zote mbili.

Njooni.

Mama Pacha